Katiba na jinai ni faili moja: kuhusu kazi ya Profesa Jwani Mwaikusa

Wengi mliomba niandike yale niliyoongea na vijana wa sheria Jumamosi ile, basi nimekaa na rekodi ya simu nikaandika kama nilivyosema, kuna mahali nimeongeza kidogo maana siku ile muda ulinibana.

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie wadogo zangu hamjambo. Nimeambiwa niongelee kazi ya profesa wa sheria, hasa kwenye hizi sheria mbili, ya katiba na ya jinai, na mratibu akaniomba nichague mtu mmoja ili tusiishie kwenye maneno ya jumla. Nimemchagua Profesa Jwani Mwaikusa. Hebu nyosheni mikono mliowahi kulisikia hilo jina. Watano, sita, na wengine wa nyuma wanaangaliana. Ndo maana nimemchagua.

Niseme mapema kabisa, mimi sikukaa darasani kwake. Sina hadithi za alivyokuwa anaongea ofisini wala alivyokuwa anasahihisha mitihani, waliokaa naye wapo na hizo ni zao kuzisema. Mimi nimemjua kupitia makaratasi, yaani mafaili ya kesi, hukumu, na vitu alivyoandika. Alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kuhusu namna hati ya haki, yaani ile orodha ya haki za msingi za mtu, ilivyozaliwa ndani ya Katiba yetu, alikuwa wakili, na Julai 2010 alipigwa risasi akauawa nyumbani kwake Dar es Salaam, na usiku ule ule waliuawa pia ndugu wa familia yake na jirani. Wiki chache tu kabla ya hapo kesi zake mbili kubwa zilikuwa zimetolewa maamuzi ndani ya mwezi mmoja, moja ya katiba moja ya jinai, na mimi nikizisoma hizo mbili pamoja naona ni mtu mmoja anauliza swali moja.

Nyie mnavyofundishwa, katiba mnasoma siku yake na jinai siku yake, mwalimu mwingine, chumba kingine, daftari lingine. Mwanafunzi anamaliza mwaka wa kwanza akiwa anaamini kwamba katiba ni mambo ya rais, bunge, muungano na uchaguzi, na jinai ni mambo ya wizi na mauaji na polisi. Sawa, ratiba lazima igawanywe. Ila huko nje haijagawanywa. Dola inapotaka kumgusa mtu mwilini mwake, kumkamata, kumfungia, kumnyonga, inapita mlango wa jinai. Inamgusa kwa askari na pingu, na pale pale kwenye pingu ndo Katiba inatakiwa iwe inafanya kazi, kama haipo pale basi hizo ibara zote nzuri tunazokariri zinabaki kwenye karatasi.

Sasa nianze na faili la kwanza, na hili nitakaa nalo sana.

Mnaofahamu Arusha mnalijua lile jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa. Pale ndo ilikuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 baada ya mauaji ya kimbari, ikafanya kazi mpaka mwisho wa 2015. Yaani miaka ishirini jirani yetu analetewa haki nyumbani kwetu na wengi wetu hatujawahi kusoma hata hukumu moja ya pale. Ilipofika miaka ya 2000 mahakama ilikuwa inaambiwa ifunge kazi, gharama kubwa, kesi nyingi, muda umeisha, hivyo ikatafutwa njia ya kupunguza mzigo, na njia moja ilikuwa kuzihamishia baadhi ya kesi kwenye mahakama za nchi, na nchi iliyokuwa inazitaka zaidi ni Rwanda yenyewe. Ukikaa ukafikiri utaona ni haki yao kuzitaka. Walikufa watu wao, mashahidi wako kwao, makaburi yako kwao.

2007 mwendesha mashtaka akaomba mtuhumiwa mmoja anaitwa Yusuf Munyakazi ahamishiwe Rwanda. Huyu alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa upande wa Cyangugu, kusini magharibi mwa Rwanda, alikamatwa Kongo 2004, akishtakiwa kwamba aliongoza Interahamwe, wale wanamgambo, kwenye mauaji. Wakili wake kiongozi alikuwa Profesa Mwaikusa.

Hapa ndo mnielewe vizuri kazi ya mwalimu wa katiba ndani ya kesi ya jinai. Wakati ule hoja haikuwa Munyakazi ameua au hajaua, hilo lilikuwa halijafikiwa bado. Hoja ilikuwa: huyu mtu akipelekwa kule, kesi yake itakuwa ya haki? Na ukiuliza hivo unajikuta unauliza maswali ya katiba tupu. Majaji wako huru kiasi gani. Sheria ya adhabu inasomekaje. Shahidi wa utetezi ataweza kuja mbele akasema anachokijua halafu akarudi nyumbani salama?

Upande wa adhabu, angalieni ilivyokuwa. Machi 2007 Rwanda ilitunga sheria maalum ya kupokea kesi kutoka Arusha, ikasema adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Julai mwaka ule ule wakafuta adhabu ya kifo kwa nchi nzima, jambo kubwa na la kupongezwa, ila kwenye kuifuta wakaweka mahali pake kifungo cha maisha na kingine kinaitwa kifungo cha maisha chenye masharti maalum, ambacho maana yake mfungwa anakaa peke yake, kutengwa. Sasa mtu akitoka Arusha akahukumiwa, inatumika ipi? Sheria mbili, zote halali, miezi minne tu kati yake, hazisemi kitu kimoja. Mwanasheria mvivu angepita hapo bila kuona. Tarehe 28 Mei 2008 majaji wa Arusha wakakataa kumhamisha, na hilo la adhabu likiwa moja ya sababu, jingine uhuru wa mahakama za Rwanda, jingine hofu ya mashahidi wa utetezi. Ilikuwa mara ya kwanza ombi la kupeleka kesi Rwanda kukataliwa.

Mwendesha mashtaka akakata rufaa. Oktoba 2008 majaji wa rufaa wakatoa uamuzi wao, na hapa nataka muwe waangalifu kwa sababu nimesikia watu wanasimulia nusu tu. Majaji wa rufaa walisema wenzao wa chini walikosea kwenye suala la uhuru wa mahakama, kwamba ushahidi uliokuwepo haukutosha kusema majaji wa Rwanda hawako huru. Hilo upande wa Munyakazi walilipoteza. Ila kwenye adhabu na kwenye mashahidi uamuzi ukabaki vile vile, akabaki Arusha. Ukisimulia hii kesi simulia yote, hata pale ambapo mtu unayemheshimu alipigwa chini, maana ukificha hilo unakuwa unamfanyia propaganda, na yeye kwa maandishi yake hakuwa mtu wa propaganda.

Baada ya hapo kikatokea kitu ambacho mimi ndo kinanifanya nimheshimu huyu mzee. Rwanda walirudi wakarekebisha sheria zao. Mwaka ule ule wa 2008 wakaweka wazi kwamba hicho kifungo cha kutengwa hakitatumika kwa kesi zinazotoka Arusha, na mwaka uliofuata wakaongeza kinga kwa mashahidi na mawakili wa utetezi kwa maneno wanayoyasema mahakamani. Ombi lingine likaja, la Jean Uwinkindi, na safari hii, 2011, majaji wakakubali, na 2012 akapelekwa. Mnaona? Utetezi ulipinga kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa anachukiwa kweli kweli, na mwisho wa siku nchi nzima ikawa na sheria iliyonyooka zaidi, na mahakama zake zikaanza kuaminiwa kupokea kesi. Mwaikusa hakuwahi kuuona huo mwisho, alishakufa.

Na Munyakazi mwenyewe je? Kesi yake ikasikilizwa Arusha kuanzia 2009. Tarehe 30 Juni 2010 akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na maangamizi kama uhalifu dhidi ya binadamu, kwa yale yaliyotokea kwenye parokia ya Shangi na parokia ya Mibilizi, Aprili 29 na 30, 1994. Miaka 25. Rufaa ya 2011 ikaacha adhabu ile ile.

Kwa hiyo wale wanaoniuliza mtaani, na naulizwa sana, wakili unawezaje kusimama na muuaji, hata harusini naulizwa, mimi nawajibu kwa hii kesi. Watu walikimbilia kanisani Shangi wakiamini ni mahali salama wakauliwa humo. Hakuna anayeweza kulisema hilo jambo kwa sauti nyepesi na mimi silisemi hivyo. Lakini mjane wa Mibilizi aliyepoteza watu wake anastahili hukumu ambayo kesho hakuna mtu atakuja kumwambia ile kesi ilipikwa, mashahidi wa upande wa pili walinyamazishwa, wakili hakuruhusiwa kuuliza. Hukumu ya Munyakazi imesimama kwa sababu kila kitu kiliulizwa. Aliyeuliza ni Mwaikusa na wenzake. Mimi naona kwamba alimfanyia kazi yule mjane pia, japo yule mjane labda hakuwahi kumpenda.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuongea haki ukiwa unaongelea nchi ya mwenzako.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa najitolea kwenye msaada wa kisheria, nikakutana na kijana mmoja mahabusu, sitamtaja jina wala mkoa. Ameshtakiwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo mnajua halina dhamana. Kila baada ya wiki mbili analetwa na karandinga, dada yake anauza vitumbua asubuhi halafu anakuja anasimama pembeni ili amuone wakati anashuka, basi, amuone tu dakika ile, akipata nafasi amrushie sabuni. Ndani mwendesha mashtaka anasimama, mheshimiwa upelelezi bado haujakamilika tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anaandika tarehe. Wanaondoka. Nimeisikia hiyo sentensi mara nyingi mpaka nikilala naisikia. Ikapita miaka, siku moja mashtaka yakaondolewa, akaambiwa uko huru, akatoka getini na kiroba cha nguo. Hakuna aliyemwambia pole. Mama yake alishafariki akiwa ndani na hakuzika.

Chukueni Katiba, hii hapa, ibara ya 13 ibara ndogo ya 6 (b), nasoma: "ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia ya kutenda kosa hilo." Marufuku. Neno zito kabisa la Kiswahili walilichagua. Ibara ya 15: "Kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru." Yule kijana alitendewa kama nani?

Hizi ibara hazikuwepo tangu mwanzo. Tulipopata uhuru 1961 hati ya haki haikuwekwa kwenye Katiba, serikali ya wakati ule iliona itafunga mikono ya nchi changa, na 1962 tukapata sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Katiba ya 1977 ikaja, bado haimo. Ni mabadiliko ya 1984 ndo yaliiingiza, na hata hapo ikasemwa mahakama zisiitumie kwanza kwa miaka mitatu ili serikali isafishe sheria zake, kwa hiyo wananchi wakaanza kuitumia mahakamani 1988. Ile miaka mitatu sheria nyingi hazikusafishwa. Hilo ndo eneo Mwaikusa aliliandikia, na ukilielewa utaelewa kwa nini kuanzia 1988 majaji wetu ndo walibebeshwa kazi ya kufagia.

Na wengine walifagia kweli. Jaji James Mwalusanya, huyu jina lake liandikeni. Ikaja kesi ya Daudi Pete, mtuhumiwa wa unyang'anyi aliyekuwa ananyimwa dhamana kwa sababu tu ya kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, jaji akasema kifungu kinapingana na Katiba, DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakubali kwamba ile sehemu ya kifungu iliyokuwa inamhusu Daudi Pete ni kinyume na Katiba. Yaani mtu wa kawaida kabisa, mtuhumiwa, ndo jina lake leo kila mwanafunzi wa katiba Tanzania analitaja. Hakuwa mwanasiasa. Miaka miwili baadaye kwenye Kukutia Ole Pumbun, ambayo hata sio ya jinai, ilihusu kuomba kibali cha kuishtaki serikali, Mahakama ya Rufani ikatupa kipimo tunachokitumia mpaka leo: sheria inayopunguza haki isiwe ya kionevu, iwe na breki ndani yake, na isipunguze zaidi ya kile kinachohitajika kufikia lengo. Kipimo hicho kipelekeni kwenye kesi ya jinai mtaona kinavyofanya kazi.

1994 Mwalusanya tena, akiwa Dodoma, kesi ya Mbushuu na mwenzake, mauaji. Akasema adhabu ya kifo ni kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani Januari 1995 ikasema jambo ambalo nikiwa mwanafunzi nililisoma mara tatu nikidhani nimekosea: ikakubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kinyama na inamdhalilisha mtu, halafu ikasema hata hivyo Katiba inairuhusu kwa njia ya ibara ya 30(2), kwa maslahi ya jamii. Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini kwenye Makwanyane ikaisoma Mbushuu yetu, ikaijadili, halafu yenyewe ikaifuta adhabu ya kifo. Sisi tulilima, jirani akavuna. Na kwetu mpaka leo kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamwambia jaji kwamba ukimkuta mtu ana hatia ya mauaji ya kukusudia adhabu ni moja tu, hakuna kuangalia huyu ni nani wala ilikuwaje. Hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990 lakini hukumu zinaendelea kutolewa, watu wanakaa humo wanasubiri kitu ambacho hawajui kama kitakuja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo hapo Arusha, ilisema Novemba 2019 kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba hiyo adhabu ya lazima inavunja haki ya kuishi, na ikaiagiza nchi yetu iiondoe. Mwezi ule ule nchi yetu ikajitoa kwenye tamko linaloruhusu mwananchi mmoja mmoja na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Nirudi kwenye dhamana, maana ndo inayogusa watu wengi zaidi. Kulikuwa na kifungu cha 148(4), DPP anaandika hati tu kwamba usalama au maslahi ya Jamhuri yatadhurika, basi, mahakama haiulizi kwa nini, mtu anabaki ndani hata kama kosa lake lina dhamana. Wakili Jeremia Mtobesya akakipinga, Mahakama Kuu 2015 ikakiona batili, Mahakama ya Rufani 2018 ikakubaliana. Watu tulifurahi sana siku ile. Kikabaki cha 148(5), ile orodha ya makosa yasiyo na dhamana, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha, ugaidi, biashara ya binadamu, utakatishaji fedha na mengine. Hilo la utakatishaji fedha mnakumbuka lilivyotumika miaka ile, mpaka waandishi wa habari wakajikuta ndani kwa shtaka hilo, na ukishawekewa hilo hakuna hakimu wa kukusikiliza habari za wadhamini wala barua ya mtendaji. Mei 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu kwenye kesi ya Dickson Sanga wakasema kifungu ni kinyume na Katiba. Agosti 2020, miezi mitatu tu, Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema kifungu ni halali. Na katikati ya hiyo miezi, Juni 2020, Bunge likabadilisha sheria ya kufungua kesi za haki za msingi, tangu hapo ukitaka kufungua ikawa lazima uonyeshe imekugusa wewe mwenyewe binafsi. Yule kijana mwenye kiroba angeweza, kwa kuwa yeye iligusa. Lakini angeifungua vipi akiwa ndani, kwa hela za vitumbua?

Mimi sikubaliani na hukumu ya Sanga ya Rufani na nalisema hapa wazi kwa heshima zote. Sababu zao zipo, kwamba Katiba yenyewe inaruhusu mtu kunyimwa uhuru kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na jamii nayo ina haki ya kulindwa. Nakubali jamii ina haki. Jambazi mwenye bunduki akirudi mtaani kesho yake shahidi anahama nyumba, nawajua watu waliohama. Ila ninachosema, muachie hakimu aamue. Mpe hakimu sababu, huyu atakimbia, huyu atatisha mashahidi, huyu ana rekodi, na hakimu anyime dhamana. Kifungu kinachomziba hakimu mdomo kabla kesi haijafika mbele yake, kikaamua kwa kuangalia jina la kosa lililoandikwa na polisi kwenye hati ya mashtaka, hicho kimempa polisi kazi ya hakimu. Hapo ndo nikikumbuka Munyakazi naumia. Mtu aliyeshtakiwa mauaji ya kimbari, kosa kubwa kuliko yote tunayoyajua, alikaa Arusha akasikilizwa na majaji mpaka kwenye swali la atafungwa chumba cha namna gani. Kilomita chache kutoka pale kuna mahabusu wa kitanzania ambao hakimu hana hata ruhusa ya kuwauliza kama wana wadhamini.

Faili la pili sitalichukulia muda, mnalisoma kwenye katiba. Mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu Dodoma 1994 mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, serikali ikabadilisha Katiba mwaka ule ule, akarudi tena akashinda 2006, ikaenda Rufani, na Mahakama ya Rufani ikawaita marafiki wa mahakama watatu waje waisaidie kufikiri, wawili wao wakiwa maprofesa wa sheria, Palamagamba Kabudi na Jwani Mwaikusa. Majaji saba. Juni 2010 wakasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Miaka mitatu baadaye, Juni 2013, Mahakama ya Afrika ikasema Mtikila alikuwa na haki yake.

Kwa hiyo huyo mtu Juni 2010 alikuwa na hukumu ya Mtikila katikati ya mwezi na hukumu ya Munyakazi tarehe 30. Mchungaji aliyetaka kugombea bila chama, na mtuhumiwa wa kimbari. Watu hawa wawili hawafanani kwa lolote, na nina uhakika wengi wetu tungechagua kumsaidia mmoja tu kati yao tukajiona tumefanya vizuri. Swali lake kwa wote wawili ni lile lile, nani anamuuliza mwenye mamlaka sababu, na mbele ya nani. Wiki mbili baada ya tarehe 30 akauawa.

Kijana wa pale nyuma alinyosha mkono akaniuliza, sasa mwalimu kazi ya profesa si kuandika makala tu na kufundisha, hayo ya mahakamani ni ya mawakili? Nikamwambia makala ndo zilimpa macho ya kuona zile sheria mbili za Rwanda hazikubaliani. Mtu aliyekaa miaka anasoma jinsi nchi inavyoandika haki kwa mkono mmoja na kuipunguza kwa mkono mwingine, akiletewa sheria ya Machi na sheria ya Julai anaona mara moja. Na kurudi darasani na kesi halisi ndo kunafanya wanafunzi wamsikilize. Dada mmoja akauliza kuhusu usalama, kwamba yeye familia yake haitaki asome jinai. Hilo sikuwa na jibu la kumridhisha na sikulazimisha. Nilimwambia aongee na mawakili wa jinai wa kike waliopo mjini kwake, wapo na wengi wana miaka mingi kazini, wamwambie wenyewe wanavyofanya.

Muda wangu umeisha naona mratibu anasimama. Kazi niliyowaachia ni hii. Someni uamuzi wa Munyakazi wa tarehe 28 Mei 2008, upo mtandaoni bure, halafu ule wa rufaa wa Oktoba. Halafu someni Sanga zote mbili, ya Mahakama Kuu na ya Rufani. Halafu kila mmoja aende asubuhi moja mahakama ya wilaya au ya mkoa iliyo karibu na kwao, akae benchi la nyuma, na aandike kwenye daftari mara ngapi amesikia upelelezi haujakamilika, na mtu aliyesimama kizimbani alikuwa ameshakaa ndani siku ngapi. Msiandike majina yao. Tukutane hapa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao saa nne asubuhi, njooni na madaftari.